Miaka Ishirini ya Kubeti Si Ujuzi

Kila mtaa sasa una mkongwe wake wa mikeka. Yupo kijiweni tangu asubuhi, simu mkononi, na vijana wamemzunguka wakisubiri neno lake kabla hawajaweka dau. Wanamwita mwalimu. Sifa yake ni moja tu: alianza kubeti zamani. Alianza enzi za kujaza karatasi kibandani, akahamia kwenye simu, na leo anakutajia timu za daraja la pili Sweden kama anavyokutajia Simba na Yanga. Vijana wanaamini kwamba miaka imempa jicho ambalo wao hawana. Nasema bila kumung'unya maneno: huo ni uongo, na unalipiwa kwa karo za watoto, kwa kodi za nyumba na kwa mitaji ya biashara ndogondogo.

Tumelelewa tukiambiwa kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi, na katika kazi nyingi ndivyo ilivyo. Seremala akikosea kipimo, mlango unakataa kufunga palepale. Kosa linamrudi siku hiyohiyo na kesho anapima vizuri zaidi. Mbao nayo haimbadilikii kwa sababu amekuwa hodari. Uzoefu hufundisha pale tu ambapo kosa hujulikana ni kosa. Kwenye kamari mtu anaweza kuchagua vibaya akashinda, akachagua vizuri akapoteza, na kwa miaka ishirini asijue lipi lilikuwa lipi.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa poka, na ninaukubali. Poka ina ujuzi, kwa kuwa unacheza dhidi ya mtu mwenzako anayeweza kukosea. Lakini tazameni hata huko umri umefanya nini. Mwaka 1989 Phil Hellmuth alitwaa ubingwa mkuu wa dunia Las Vegas akiwa na miaka 24, na rekodi yake ya kuwa bingwa mdogo kuliko wote ilidumu hadi 2008, Peter Eastgate wa Denmark alipoivunja akiwa na miaka 22. Mwaka mmoja baadaye Joe Cada akaivunja tena akiwa na miaka 21. Eastgate na Cada hawakuwa na miaka mingi mezani. Walikuwa na intaneti, ambako mtu hucheza meza kadhaa kwa wakati mmoja na kupitia kwa miezi michache karata ambazo wazee wao walizipitia kwa miaka. Zaidi ya hapo, kila mchezo waliocheza ulibaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, wakaurudia na kuona walipokosea. Mvi hazikuwasaidia wapinzani wao.

Kisa cha Stu Ungar ndicho ningependa kila kijana akijue. Ungar alishinda ubingwa huo mara tatu, mwaka 1980, 1981 na 1997. Wapo wanaomhesabu kuwa mcheza karata mwenye kipaji kuliko wote waliowahi kukaa mezani. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye chumba cha hoteli ya bei rahisi Las Vegas, akiwa na miaka 45, na mamilioni yake hayakuonekana. Sehemu kubwa iliishia kwenye dawa za kulevya, na kwenye kubashiri mbio za farasi na matokeo ya michezo. Bingwa wa karata alikuwa mteja wa kawaida kabisa kwenye dirisha la mabashiri. Ujuzi wake haukuvuka meza. Sasa niambieni, mkongwe wetu wa kijiweni ana kipi ambacho Ungar alikikosa?

Tuje kwenye michezo iliyotujaa mitaani. Ule wa kindege sitaupa nafasi kubwa, maana hauna cha kujifunza hata chembe. Kompyuta ndiyo inayozalisha namba ya kuamua kindege kitapaa hadi wapi, na mzunguko uliopita hauuambii chochote mzunguko unaofuata. Wanaokesha wakiandika matokeo ili waisome mashine wanarudia kosa la Monte Carlo la Agosti 1913. Usiku ule gurudumu la ruleti liliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na matajiri wakamimina fedha kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Kasino ilivuna. Gurudumu halina kumbukumbu, na kindege hakina.

Mkeka ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu mpira una maarifa ya kweli. Mkongwe anajua nani ameumia, nani amesimamishwa, timu ipi hucheza vibaya ugenini. Lakini hayo yote kampuni nayo inayajua, na imeshayaingiza kwenye odi kabla yeye hajafungua simu. Hashindani na Arsenal wala Chelsea. Anashindana na bei. Tukio lenye nafasi nusu kwa nusu lingestahili odi ya 2.00, kampuni inakupa 1.90, na pengo hilo ndilo riziki yake. Ukiunganisha matukio kumi ya namna hiyo kwenye mkeka mmoja, makato yanazidishana, na shilingi 1,000 uliyoweka inakuwa na thamani ya takriban shilingi 599 kabla mpira haujapigwa. Mkeka mrefu ambao wazoefu wanajivunia ndio unaowakamua zaidi.

Halafu lipo lile la "mechi moja imenichania mkeka." Mkongwe husema hivyo kila wiki, na vijana hutikisa vichwa kwa heshima: tisa kati ya kumi, kweli huyu anajua! Fanyeni hesabu. Chukua mechi kumi ambazo kila moja ina uwezekano wa asilimia 70, zile wanazoziita za uhakika. Nafasi ya kuzipata zote ni chini ya asilimia 3. Nafasi ya kukosa moja tu ni kama asilimia 12, zaidi ya mara nne ya ile ya kushinda. Mkeka wa namna hiyo hukosa kwa mechi moja mara nyingi kuliko unavyoshinda, uwe wa profesa au wa mtoto aliyeokota simu. Anachokiona mkongwe kama dalili ya kukaribia ni umbo la mchezo wenyewe, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyokusanya dalili hizo na kuziita uzoefu.

Na yule anayeshinda kweli? Wapo wachache duniani. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha mwaka 1962 kitabu kilichoonyesha namna ya kuishinda kasino kwenye blakijeki kwa kuhesabu karata. Kasino zikabadilisha kanuni na kumfukuza mezani. Uingereza, kampuni za kubeti zinajulikana kwa kupunguza dau la mteja anayeshinda mfululizo hadi abakiziwe sarafu. Mtu ambaye amebeti miaka ishirini na kampuni bado inamtumia bonasi na ujumbe wa kumkaribisha, hiyo ndiyo hukumu ya kampuni juu ya ujuzi wake.

Uganda, kwa sheria yake ya 2016, ilikataza kamari kwa aliye chini ya miaka 25. Tanzania na Kenya mlango uko wazi tangu miaka 18. Naunga mkono Uganda, kwa sababu kijana wa miaka 18 hubeba hatari asiyoweza kuipima. Ila sheria ya umri pekee inatupa picha kwamba ukivuka mstari umekomaa na utamudu. Hakuna atakayemudu. Makato ya odi hayaulizi kitambulisho, na baba wa miaka 50 huliwa kwa kiwango kilekile, tofauti ikiwa kwamba yeye ana nyumba ya kuweka rehani.

Ninachodai kwa wabunge wetu ni kitu kimoja chepesi. Kampuni zina kila shilingi ya mteja kwenye mitambo yao. Zilazimishwe kumtumia kila mteja, kila mwaka, mistari miwili: ulichoweka na ulichopata. Na wewe mkongwe, usisubiri sheria. Vuta taarifa ya M-Pesa yako ya miaka mitatu, jumlisha, kisha keti na hao vijana wanaokuita mwalimu uwasomee tofauti kwa sauti.