Betri isihukumiwe kabla ya kupimwa

Miongoni mwa mambo yanayowapotezea fedha vijana wetu wanaoendesha bodaboda, lipo moja ambalo halizungumzwi sana kwa sababu limekwisha kuwa mazoea. Pikipiki ikikataa kuwaka asubuhi, betri huwa ndiyo mshitakiwa wa kwanza, na mara nyingi huwa ndiyo mshitakiwa wa mwisho. Fundi hubonyeza honi, husikia sauti dhaifu, hutikisa kichwa na kutoa hukumu: "Betri imekufa, nunua nyingine." Hakuna shahidi aliyeitwa wala kipimo kilichochukuliwa. Betri mpya hununuliwa, na baada ya majuma machache kesi ile ile hurudi mbele ya fundi yule yule.

Miezi michache iliyopita, katika kijiwe kimoja mjini Morogoro, nilimkuta kijana aliyekuwa akijiandaa kununua betri ya tatu katika muda wa miezi saba. Pikipiki si mali yake. Anaiendesha kwa mkataba, na kila jioni hana budi kumpelekea mwenye chombo hesabu yake, wawepo abiria au wasiwepo. "Kaka, betri za siku hizi ni feki," aliniambia. Sikatai kwamba betri hafifu zipo madukani. Lakini fundi mmoja wa makamo aliyekuwa karibu alifungua kifuniko cha ubavuni akatuonyesha soketi inayounganisha nyaya za koili na regulata. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka, na pini moja imekuwa nyeusi kama mkaa. Betri mbili zilikuwa zimetupwa, na ya tatu ilikuwa njiani, kwa kosa la soketi moja.

Ndugu msomaji, kosa hili linatokana na kutoelewa kazi ya betri. Betri haizalishi umeme wa pikipiki. Kazi yake ni kuuhifadhi, kama ghala linavyohifadhi mahindi. Umeme huzalishwa ndani ya injini, pale sumaku inapozunguka kando ya koili. Hutoka huko ukiwa mkondo geu, ukapita katika regulata, kile kidude cha alumini chenye mapezi, ambacho huunyoosha na kuuzuia usizidi kiasi, kisha ndipo huingia katika betri. Basi mtu akikuta ghala tupu, yampasa kujiuliza mambo matatu: Je, ghala lenyewe ni zima? Je, mavuno yanafika? Je, kuna tundu linalovujisha usiku?

Swali la kwanza hujibiwa kwa mita ya kawaida ya umeme. Pikipiki ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Ikisoma volti 12, imekwisha karibu kabisa, na yafaa ichajiwe kwanza ndipo ihukumiwe. Baada ya kuijaza, mita iachwe juu ya betri na starta ibonyezwe. Volti zikianguka chini ya 9.6 hivi, hapo ndipo tunaweza kusema kwa haki kwamba betri imechoka. Lakini kabla ya hapo, vichwa vya betri visafishwe na waya wa erthi ukazwe. Starta ikivuta ampia 50 kupitia mahali penye kutu, upinzani mdogo wa omu 0.02 tu watosha kupoteza volti 1 njiani, na betri nzima ikaonekana mgonjwa.

Swali la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, ingawa kulijibu hakuchukui dakika mbili. Injini iwashwe, mafuta yaongezwe hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika, na mita isomwe tena juu ya betri. Kwa pikipiki nyingi, kipimo kizuri ni kati ya volti 13.5 na 14.5. Kikibaki chini ya volti 13, mavuno hayafiki ghalani, na betri yoyote mpya itakufa kwa njaa. Kikipita volti 15, regulata imeshindwa kazi. Betri inachemshwa, maji yake yanakauka, na balbu zitaanza kuungua moja baada ya nyingine.

Ikiwa mavuno hayafiki, zichunguzwe fyuzi na soketi, kisha koili. Katika pikipiki zenye nyaya tatu za koili, soketi hufunguliwa na kila jozi ya nyaya hupimwa volti za mkondo geu injini ikiwa inazunguka. Jozi zote tatu zapaswa kulingana na kupanda pamoja kadiri injini inavyokwenda kasi. Jozi moja ikibaki nyuma, koili ina hitilafu. Zikilingana zote na volti zikawa za kutosha, mtuhumiwa ni regulata au nyaya zinazotoka humo kwenda kwenye betri.

Swali la tatu lahusu uvujaji. Swichi ikiwa imezimwa, waya wa hasi hufunguliwa na mita huwekwa katikati ili isome mkondo. Kwa kawaida hausomeki zaidi ya miliampia chache. Ukikuta nyingi, chomoa kimoja kimoja vile vitu vilivyoongezwa: redio, taa za urembo, chaja ya simu, king'ora, na kile kifaa ambacho mwenye chombo hukifunga ili ajue pikipiki yake iko wapi. Hapa lipo jambo la haki pia. Si haki mwenye chombo afunge kifaa kinachonyonya betri usiku kucha, kisha gharama ya betri imwangukie dereva.

Hasara yenyewe haiishii mfukoni mwa kijana huyo. Ndani ya kila betri ya namna hii mna risasi na tindikali. Betri iliyotupwa huishia mikononi mwa watu wanaoivunja na kuiyeyusha ili wapate risasi, na risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Jirani zetu wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa madhara yaliyowapata. Betri nzima inayotupwa kwa kubahatisha huongeza shehena ya sumu hiyo bila sababu yoyote.

Wapo watakaosema kwamba mita ni chombo cha wasomi, na kwamba fundi wa barabarani hana fedha za kuinunua. Hoja hii haina nguvu. Mita ya kawaida kwa kawaida haizidi bei ya betri moja ya pikipiki, nayo hutumika kwa miaka. Vijana ishirini wa kijiwe kimoja wakichanga kidogo kidogo, watakuwa nayo kabla ya mwisho wa juma. Na kuhusu usomi, kijana anayeweza kupiga hesabu ya mafuta, abiria na marejesho kichwani mwake bila kalamu hawezi kushindwa kusoma tarakimu nne.

Kwa hiyo hatuna budi kubadili mazoea. Kila kijiwe kiwe na mita yake. Vyuo vya VETA viandae mafunzo mafupi ya jioni kwa mafundi wa mitaani ambao hawawezi kuacha kazi mchana. Wenye vyombo waandike ndani ya mikataba ni nani atakayelipia betri, na malipo hayo yatanguliwe na kipimo. Na dereva, fundi akimwambia kwamba betri imekufa, asione haya kumjibu kwa heshima: "Sawa, fundi. Nionyeshe kwenye mita." Fundi wa kweli hatachukizwa na ombi hilo.