Goma: Kumuuliza mkimbizi kiisha shauri kukatwa si kumshirikisha

Katika kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, kandokando ya mji wa Goma, familia zilizokimbia vita vya Rutshuru, Masisi na Nyiragongo ziliitwa kwenye vikao vingi. Mgeni anashuka garini, mkalimani anatafsiri, majina yanaandikwa, picha inapigwa. Halafu ripoti inasema kwamba wakimbizi wa ndani walishirikishwa.

Walishirikishwa katika nini? Chakula kilichogawiwa kilikuwa unga wa mahindi, maharagwe makavu, mafuta na chumvi. Maharagwe makavu yanataka saa nyingi motoni. Kuni ziko wapi? Ziko katika Hifadhi ya Virunga, na kule wanaume wenye silaha wanangoja. Mama yeyote wa kambini angesema hilo mbele gari la kwanza halijapakiwa. Lakini swali aliloletewa, kama aliletewa, ni kama mgao ulienda vizuri. Mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka walitunza watu zaidi ya 25,000 waliotendewa ukatili wa kingono katika Kongo, wengi wao katika kambi za Goma. Wengi walishambuliwa wakitafuta kuni, maji ao chakula.

Wakubwa wanajua. Mwaka 2016, kule Istanbul, nchi zinazotoa misaada na mashirika makubwa ya kiutu yaliahidi kuwapa walioathirika sauti katika maamuzi, na kufikisha robo ya pesa kwa mashirika ya wenyeji mbele ya mwisho wa 2020. Wino wa kusaini haukukosekana.

Kuna wanaojibu kwamba mkimbizi akipewa neno la mwisho, viongozi wa kambi watajaza ndugu zao kwenye orodha. Inatokea, ndiyo. Lakini orodha iliyofungiwa ofisini ndiyo rahisi kuuza. Ikisomwa kwa sauti mbele ya kambi nzima, majirani wanajua nani ana nyumba mjini na nani analala juu ya mawe ya volkano.

Mwanzoni mwa 2025, M23 ilipoteka Goma, kambi hizo zilivunjwa na familia nyingi zikarudi vijijini, wengine wakikuta nyumba bila mabati. Gari la mradi likifika kule, akina mama na wazee waulize wao kwanza: pesa ni ngapi, nani amekwisha kukata shauri, na ni jambo gani bado linaweza kubadilika? Kama hakuna, kikao kifungwe, watu waende shambani.