Nyumba ya Mkopo: Tuhesabu Kwanza



Juma hili twapenda kuongea nanyi juu ya deni lijengalo nyumba. Ni jambo liwahusulo wazazi wote wa Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, maana hakuna baba asiyetamani kuwaachia watoto wake paa lililo lao.

Deni la namna hii si geni mjini mwetu. Lubumbashi ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, wengi walikaa katika nyumba za kampuni, na kazi ikiisha, nyumba nayo ilikwisha. Mwaka 1952 Serikali ya Wabelgiji ilianzisha Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojenga nyumba za Ruashi. Na amri ya tarehe 10 Februari 1953 ikawafungulia Wakongo mlango wa kuwa na kiwanja kwa sheria. Katuba nako watu walikopeshwa, wakajijengea, wakalipa kidogo kidogo. Basi mkopo si adui. Umewapa wengi makao.

Lakini mkopo wataka akili. Huko Marekani palikuwa na mwalimu wa uchumi, Karl Case, aliyefundisha katika chuo cha Wellesley kwa miaka zaidi ya 30, akafariki mwaka 2016. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza bei za nyumba. Mwaka 1988, yeye na mwenziwe Robert Shiller waliwaandikia watu walionunua nyumba katika miji minne, wakiwauliza walitumaini nini. Mahali bei zilipokuwa zikipanda upesi, wengi waliamini kwamba zitazidi kupanda. Miaka 20 baadaye ulimwengu uliona mwisho wa tumaini kama lile: mabenki yalikuwa yamewakopesha wasioweza kulipa, bei zikaanguka, na mwaka 2008 jamaa nyingi mno zikapoteza nyumba zao, kwa kuwa nyumba yenyewe ndiyo iliyowekwa rehani.

Twajifunza nini? Kwanza, tusikope kwa kutumainia bei, bali kwa kuhesabu mshahara. Tena mshahara nao huweza kukoma. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Ni nani katika baba zao aliyedhani kwamba kampuni ile itachoka? Tena, alipwaye kwa franka na akope kwa dola, deni lake hukua kila franka ishukapo.

Pili, tutazame karatasi. Kwa sheria ya 1973, udongo wa nchi yetu ni mali ya Serikali, na haki ya mwenye kiwanja, tukiitacho parsele, huthibitishwa na hati ya uandikishaji. Karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya jirani haitoshi kuwa rehani, wala haitamkinga mjane siku ya ugomvi.

Tatu, baba asitie sahihi kwa siri. Mama na ajue ni deni gani, la miaka mingapi, na hati imewekwa wapi. Kwani baba akifa, deni halizikwi pamoja naye.

Bwana wetu alitukumbusha habari za mtu atakaye kujenga mnara: huketi kwanza, akahesabu gharama yake. Basi jioni hii, ninyi wazazi, ketini pamoja mezani, mkahesabu. Na Mungu aibariki nyumba yenu.