Bendi Uipendayo Ikibadilika

Je, bendi uipendayo ikibadili mdundo imekusaliti? Mimi niliwahi kuamini hivyo. Metallica ya Marekani, wapigaji wa hevi metali, ilinivuta kwa kasi ya magitaa katika santuri yake ya kwanza ya 1983. Niliposikiliza ile ya 1991, yenye mwendo wa taratibu na hata wimbo wa mapenzi, nilinuna. Kaka yangu, aliyenifundisha kuupenda muziki huo, aliifurahia, nikamcheka, tukanuniana.

Juzi, watoto wamelala nami nimechoka kwa kazi, niliisikiliza tena. Nilitulia. Kumbe sikuwa nikiililia bendi, bali ujana wangu. Mwanamuziki naye hukua. Tusimdai abaki kijana kwa niaba yetu. Kesho nitamwendea kaka.