Kadi za grafiki za ofisini zaingia soko la gemu: faida iko wapi?

Wafanyabiashara wa vifaa vya kompyuta wanaonunua mizigo Dubai na Ulaya kwa ajili ya maduka ya Kariakoo, Luthuli Avenue na Kampala wanakabiliwa na swali linalogusa mtaji moja kwa moja. Je, walete kadi za grafiki za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya gemu, au zile za kitaalamu zinazong'olewa kwenye kompyuta za ofisi zilizomaliza muda wake?

Swali hilo limepata uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazikubaliwi rasmi na Windows 11, na makampuni yaliyokuwa nazo yamekuwa na sababu ya kuziondoa.

Ndani ya nyingi ya kompyuta hizo za kazi nzito, kama HP Z240 na zile za Dell Precision, mna kadi za Quadro. Hizo ndizo zinazopangwa sasa kwenye meza za mitumba na kutangazwa kuwa ni kadi za gemu.

Sababu ya pili ni memori. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya memori za kompyuta ilipanda duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuacha biashara ya memori za Crucial kwa wateja wa kawaida. Kadi ya grafiki nayo hubeba memori yake, na memori ikipanda, bei ya kadi mpya haiwezi kubaki pale pale. Hapo mteja hugeukia mitumba.

Hata hivyo, si kila kadi iliyokuwa ghali ofisini ni mali katika soko la gemu. Ukiziweka sokoni kadi mbili, moja ya dola 149 na nyingine iliyouzwa karibu dola 585 ilipokuwa mpya, ile ya bei ndogo inaweza kuwa ndiyo yenye faida.

Bei ya zamani si kipimo

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Katika gemu inatakiwa kuchora picha nyingi kila sekunde. Kama haina nguvu, picha zinakatika na mteja anainuka kwenye kiti.

Kadi za kitaalamu hutengenezwa kwa ajili ya wahandisi, wachoraji wa ramani za majengo na wabunifu wa mashine. Bei yake kubwa hulipia mambo ambayo mchezaji wa gemu hayahitaji: programu endeshi zilizothibitishwa kufanya kazi na programu kama AutoCAD na SolidWorks, huduma ya muda mrefu kutoka kwa mtengenezaji, na uwezo wa kuendesha skrini nyingi kwa pamoja.

Chipu yenyewe mara nyingi ni ile ile. Mfano mzuri ni Quadro P2000 iliyotolewa mwaka 2017. Imejengwa kwa chipu ya familia moja na GTX 1060, kadi ya gemu ya mwaka 2016. Lakini P2000 ina viini 1024 na memori ya GB 5, wakati GTX 1060 ya GB 6 ina viini 1280. Kadi hiyo ya gemu ilianza kuuzwa kwa dola 249.

Kwa maneno mengine, aliyelipa zaidi ya mara mbili alipata nguvu pungufu ya gemu. Mhandisi hakupunjika, kwa sababu alikuwa ananunua kitu kingine. Anayepunjika ni mfanyabiashara anayepiga hesabu ya bei ya zamani na kudhani kwamba amepata kadi ya dola 585 kwa bei ya kutupa.

Jozi nne za kulinganisha

Njia ya haki ya kulinganisha ni kuweka kadi mbili zinazofanana nguvu kisha kutazama bei.

Jozi ya kwanza ni Quadro K4000 ya mwaka 2013 na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016. K4000 ina viini 768 na memori ya GB 3. GTX 1050 Ti nayo ina viini 768, ila ni vya kizazi kipya zaidi, na ina GB 4. Kwenye gemu GTX 1050 Ti inaiacha mbali. K4000 ni ya kizazi cha Kepler, na gemu nyingi mpya zinazotumia DirectX 12 hazifunguki kabisa kwenye kadi za kizazi hicho. Kwa soko la gemu, K4000 si bidhaa hata ikitolewa bure, kwani nauli bado italipwa.

Jozi ya pili ni Quadro P2000 na GTX 1650. Kadi ya GTX 1650 ilitoka Aprili 2019 kwa dola 149, ikiwa na viini 896 na memori ya GB 4. Katika gemu hizi mbili zinakaribiana sana, na zote zinatumia umeme usiozidi wati 75. Hapa uamuzi ni wa bei tu. P2000 ikiuzwa chini ya GTX 1650, ina nafasi. Ikiuzwa sawa au zaidi, mteja analipia jina.

Jozi ya tatu ni T1000 ya mwaka 2021 na GTX 1650 hiyo hiyo. Zote zina viini 896. T1000 inatumia wati 50 tu na ni fupi, hivyo inaingia kwenye kompyuta nyembamba za ofisi ambazo kadi nyingi za gemu hazitoshei.

Jozi ya nne ndiyo inayogeuza kibao. RTX A2000 ya mwaka 2021 ina viini 3328 na memori ya GB 6 au 12, na inatumia wati 70. Mshindani wake wa bei nafuu ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024 ikiwa na viini 2304 na matumizi hayo hayo ya wati 70. Hapa kadi ya kitaalamu ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye gemu. Tatizo ni kwamba wauzaji wa Ulaya na Asia nao wanalijua hilo, kwa hiyo A2000 iliyotumika haishuki bei kirahisi.

Programu endeshi zimebadilisha hesabu

Jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau ni umri wa programu endeshi, yaani programu inayoiwezesha kadi kuzungumza na Windows na gemu.

Julai 2025 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kwamba toleo kamili la mwisho la programu endeshi za gemu kwa kadi za GeForce za vizazi vya Maxwell na Pascal lingetoka Oktoba 2025. Baada ya hapo kadi hizo zinapata marekebisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028.

GTX 1050 Ti na GTX 1060 ni za Pascal, kizazi kimoja na Quadro P2000. GTX 1650, T1000, RTX 3050 na A2000 ni za vizazi vilivyofuata, ambavyo tangazo hilo halikuvigusa.

Maana yake kibiashara ni kwamba P2000 na GTX 1650, ambazo leo zinakwenda sambamba, hazitazeeka sambamba. Gemu mpya ikitoka na kasoro, GTX 1650 ina matumaini ya kurekebishiwa. Kadi ya Pascal haina.

Zaidi ya hapo, baadhi ya gemu kubwa zimeanza kudai kadi yenye vifaa maalumu vya kuchora mwanga. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 ni miongoni mwake. Katika kadi zilizotajwa hapa, ni RTX 3050 na A2000 pekee zenye vifaa hivyo. Hilo halimsumbui mwenye kibanda ambacho wateja wake wanacheza GTA V na gemu za mpira, lakini mteja wa nyumbani atauliza.

Umeme na matundu

Kwa mwenye kibanda cha gemu, kadi inaweza kuwa nzuri na bado isifanye kazi.

Tundu la kadi kwenye bodi kuu ya kompyuta linatoa umeme wa wati 75. Kadi zisizozidi hapo, kama P2000, T1000, A2000 na nyingi za GTX 1650, hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Kompyuta za ofisi zilizotumika mara nyingi hazina waya huo. Anayenunua RX 580, kadi ya bei nafuu ya AMD inayokula wati 185, lazima ahesabu pia pawasaplai mpya.

Hapa ndipo kadi za kitaalamu zina sifa ya kweli: zinakula umeme kidogo, ni nyembamba, na nyingi zimetoka katika ofisi zenye viyoyozi.

Upande wa pili ni matundu ya skrini. P2000 ina matundu manne ya DisplayPort na haina HDMI. T1000 na A2000 zina DisplayPort ndogo. Vibanda vingi vinatumia televisheni, na televisheni inataka HDMI. Kila kadi itahitaji kiunganishi, na kwa kibanda chenye mashine kumi hiyo ni gharama ya mara kumi. Muuzaji makini huiweka ndani ya bei tangu mwanzo, kuliko kumwacha mteja arudi kesho yake akidai kadi ni mbovu.

Mitego ya sokoni

Kadi za bei nafuu nazo zina hatari zake, na baadhi zimekwisha kula mitaji ya watu.

Uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi za grafiki ulikoma tarehe 15 Septemba 2022, na kadi zilizofanya kazi hiyo usiku na mchana zikamiminika kwenye mitumba. Miongoni mwake ni P106-100, ambayo chipu yake ni ya GTX 1060 lakini haina tundu la skrini hata moja. Asiyejua huikuta mezani imeandikwa "1060".

Kuna pia RX 580 2048SP, iliyotolewa mwaka 2018 kwa soko la China. Jina ni la RX 580, lakini viini ni 2048 badala ya 2304, na nguvu yake ni ya RX 570.

Wengine huchukua kadi za zamani kabisa na kubadilisha programu yake ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, hutoa onyo kwa kadi nyingi za aina hiyo. Kuchomeka kadi, kufungua GPU-Z na kuendesha gemu kwa dakika ishirini kunatosha kuokoa mzigo mzima.

Mpakani na njiani

Kwa wasafirishaji, kadi ni mzigo mdogo wenye thamani kubwa, na hapo ndipo makosa hutokea.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unahusu kila kitu. Cheti hicho rahisi ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kadi iliyotengenezwa China haipati asili ya Tanzania kwa kulala usiku mmoja Namanga, wala ya Kenya kwa kupitia Busia.

La pili ni kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na asilimia 18 Tanzania, Uganda na Rwanda. Misamaha ya vifaa vya kompyuta hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hubadilika na bajeti. Wakala wa forodha aulizwe kabla ya mzigo kuondoka, na tamko liseme wazi kama ni kadi peke yake au kompyuta nzima.

La tatu ni taka. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya marekebisho ya Mkataba wa Basel, taka zote za elektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mipaka bila idhini ya awali ya nchi inayopokea. Katoni la kadi zisizojaribiwa, zilizorundikwa bila vifungashio, linaweza kuhesabiwa kuwa taka. Orodha yenye namba ya kila kadi na matokeo ya majaribio ni ulinzi kwa mwenye mzigo na mwenye gari.

Kadi zenyewe zinataka mifuko ya kuzuia umeme tuli na sponji kati ya moja na nyingine. Kadi iliyokwanguka kipande kidogo cha nyuma inaonekana nzima mpaka siku ya kuuzwa.

Hesabu ya mwisho

Kwa anayelenga vibanda na wateja wa kipato cha kawaida, GTX 1650 iliyojaribiwa ndiyo yenye hatari ndogo zaidi: inauzika kwa jina, nyingi zina HDMI, na bado haijafungiwa mlango wa programu endeshi.

P2000 inafaa iwapo tu itafika dukani, pamoja na kiunganishi chake, kwa bei iliyo chini ya GTX 1650 kwa tofauti ambayo mteja ataiona. T1000 na A2000 ni za mteja mwenye kompyuta nyembamba ya ofisi, na huyo hana chaguo nyingi, hivyo atalipa. Quadro za Kepler na za kabla yake ziachwe huko huko ziliko.

Kadiri kompyuta za Windows 10 zinavyozidi kuondolewa ofisini, Quadro zitaendelea kuja na bei yake kwenye chanzo itazidi kushuka. Bei kushuka si faida peke yake. Mwenye kununua kwa kilo atauza kwa kilo, na anayejua kila kadi ndani ya katoni ina chipu gani ndiye atakayerudi Dubai na mtaji mkubwa kuliko aliokwenda nao.