Paa la Daraja

Huko Hartland, Kanada, kuna daraja la mbao lenye paa na kuta, mita 391. Lilifunguliwa 1901 likiwa wazi. Mwaka 1920 barafu ya mtoni ikabomoa sehemu yake. Kufikia 1922 lilikuwa limetengenezwa na kufunikwa. Wengi hudhani paa ni la wapitaji. Hapana! Ni la mbao zinazobeba, maana zikinyeshewa kila msimu zinaoza.

Kanisani tunafunika wapitaji tu. Mgeni anapewa kiti cha mbele na soda. Mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyebeba watoto wetu miaka 11, alilazwa wiki mbili bila kutembelewa. Hata mimi mchungaji sikwenda. (Nilikuwa kongamanoni, nikihubiri upendo.)

Leo saa kumi naenda kwake. Nani tunaenda naye?