Abiria Wengi, Ndege Chache

Shirika lolote la ndege likitangaza safari mpya kati ya Australia na India, au likifuta ya zamani, madai yaleyale huibuka. Mengine yana chembe ya ukweli. Mengine ni matumaini tu yaliyopambwa kwa tarakimu.

Dai kubwa kuliko yote ni hili: Wahindi wa Australia ni wengi mno, kwa hiyo ndege za moja kwa moja lazima ziongezeke. Wingi wao hauna ubishi. Sensa ya Australia ya 2011 ilihesabu watu wasiopungua 290,000 waliozaliwa India. Ya 2021 ikahesabu zaidi ya 670,000. Sasa tazama Qantas ilifanya nini katika muongo huohuo. Mwaka 2012 iliacha kwenda Mumbai, na haikurudi India kwa ratiba ya kawaida hadi Desemba 2021, ilipoanza kuruka kwenda Delhi. Sydney–Bengaluru ikafuata Septemba 2022. Kwa maneno mengine, jamii hiyo iliongezeka zaidi ya maradufu huku shirika kubwa la Australia likiwa halipo. Kwa miaka mingi kati ya hiyo, Air India ndiyo iliyobeba njia hii, tangu ilipopeleka Boeing 787 Sydney na Melbourne mwaka 2013.

Sababu ni aina ya abiria. Anayepanda ndege hizi ni mwanafunzi anayewahi muhula, bibi anayekwenda Melbourne kulea mjukuu, familia inayorudi Punjab harusini. Wanalipa kutoka mifukoni mwao, wanalinganisha nauli hadi dola ya mwisho, na wakipata tiketi nafuu kupitia Kuala Lumpur au Colombo hawaoni tabu kukaa saa chache uwanjani. Wasafiri wa kikazi, ambao waajiri wao hulipia viti vya mbele na ambao ndio hasa huifanya ndege ya masafa marefu ilipe, ni wachache wakilinganishwa na hao. Isitoshe, wengi hutaka kusafiri wakati mmoja: likizo za shule na Krismasi za Australia zikikutana na msimu wa harusi wa India, viti hugombaniwa, lakini ndege haiwezi kuishi kwa mwezi mmoja.

Wengine husema kwamba safari za moja kwa moja zitaiua biashara ya Singapore, Dubai na Doha. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam aliyewahi kwenda Perth kwa kupitia Ghuba anajua kwa nini dai hili ni jepesi. Abiria wengi hawatoki Sydney kwenda Delhi. Wanatoka Adelaide kwenda Kochi, Brisbane kwenda Ahmedabad, Perth kwenda Amritsar. Hao watabadili ndege tu, na swali ni wapi. Anayetua Delhi kisha akasubiri ndege ya ndani, mzigo mkononi, huenda akaona afadhali angepitia Singapore.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Tangu shirika la Vistara lilipounganishwa na Air India Novemba 2024, Singapore Airlines inamiliki asilimia 25.1 ya Air India. Anayetarajia vita vya kufa na kupona kati ya mashirika hayo mawili juu ya abiria wa Australia hajatazama nani ana hisa wapi. Ghuba nako mambo si huru: India imeweka kikomo cha viti kati yake na Dubai, yapata 66,000 kwa wiki, na imekuwa ikisita kukipandisha.

Dai kwamba Pakistan kufunga anga lake kwa ndege za India, Aprili 2025, kumeivuruga njia ya Australia halihitaji maneno mengi. Ndege ya Delhi kwenda Sydney huelekea kusini-mashariki, juu ya Ghuba ya Bengal. Walioumia ni abiria wa Ulaya na Amerika.

Halafu kuna hoja ya maagizo ya ndege. IndiGo iliagiza ndege 500 mwaka 2023, Air India 470, basi anga litafurika. Lakini zile 500 zote ni za familia ya A320, zenye njia moja katikati ya viti, na Delhi–Sydney ni kilomita zipatazo 10,400. Hata A321XLR, inayofika mbali kuliko ndugu zake, inaishia kwenye kilomita 8,700. IndiGo ilipopata ndege chache kubwa za kukodi mwaka 2025, ilizipeleka Manchester na Amsterdam. Ndege kubwa za A350 ilizoagiza zitakuja, lakini London na New York nazo zinazisubiri.

Hapo ndipo wanaolaumu serikali kwa kubania vibali vya safari wanapokosea pia. Ni kweli kwamba Canberra iliinyima Qatar Airways safari za ziada mwaka 2023, tena kwa maelezo yasiyoridhisha. Ila kati ya Australia na India uhaba ni wa ndege, si wa vibali. Safari ya Delhi–Sydney ni saa 12 na zaidi. Weka kurudi, weka muda wa kusafisha na kujaza mafuta, na ndege haiwezi kurudi kwao ndani ya siku moja. Kwa hiyo kuruka kila siku kwenda mji mmoja tu kunahitaji zaidi ya ndege moja. Baada ya ndege ya Air India kuanguka Ahmedabad Juni 2025, shirika hilo lilipolazimika kupunguza safari za ndege zake kubwa, Sydney na Melbourne zilikuwa miongoni mwa zilizopunguziwa.

Ningekuwa mpanga ratiba, nisingeanzia Sydney. Perth hadi Chennai ni kilomita zipatazo 6,300. A321XLR inafika bila shida, viti vyake ni vichache vya kutosha kujazwa hata nje ya msimu, na ndege moja inaweza kwenda na kurudi ndani ya siku.